Mwanangu anazungusha duara tu, kwenye maonyesho ataonyesha nini?

Swali (nimelifupisha kidogo): "Mwanangu ana miaka 9, ana usonji, maneno yake machache sana. Dada yake ana 12. Kwenye grupu letu la wazazi tumekubaliana tuanzishe mradi wa sanaa kwa familia zetu, mwishoni kuwe na maonyesho watu waje waone. Shida ni kwamba wangu hachori kitu. Anazungusha duara tu, duara juu ya duara mpaka karatasi inatoboka. Kila mtu ananiambia watoto hawa Mungu kawapa vipaji vya ajabu, mi cha wangu sikioni. Naogopa siku ya maonyesho ukuta wake utakuwa mtupu. Tunaanzaje, na yeye nimsaidie vipi?"

Mama, nilipofika pale kwenye "mpaka karatasi inatoboka" nilicheka, na sio kwa kukudharau, nilicheka kwa furaha, maana umeniambia hachori kitu halafu sentensi inayofuata umenieleza anachochora, anakichora vipi na kwa nguvu kiasi gani. Huyo mtoto anachora. Kinachokusumbua ni hilo neno "kitu", tumezoea mchoro uwe nyumba, uwe ua, uwe gari lenye matairi manne, kikikosekana tunasema hamna.

Ngoja nianze na hili la vipaji vya ajabu kwa sababu ndo linaloharibu miradi mingi kabla haijaanza. Kuna watu kweli wapo hivyo. Stephen Wiltshire wa London, kazaliwa 1974, ana usonji na alichelewa sana kuongea, huyu anapandishwa helikopta mara moja juu ya jiji halafu anakaa chini anachora jiji zima kutoka kichwani. Mwaka 2005 aliichora Tokyo hivyo hivyo kwenye turubai la mita 10. Ni mtu wa kustaajabisha, sina ubishi. Ila watu wa aina yake ni wachache hata miongoni mwa wenye usonji wenyewe, na kwa kuwa ndo wanaoonyeshwa kwenye TV basi kila mzazi anaanza kumchunguza mwanae kama anayetafuta sarafu iliyoangukia mchangani, iko wapi, iko wapi. Mtoto anasikia ule msako jamani, hata kama haongei anausikia. Anajua ukimletea karatasi kuna jambo unalisubiri.

Sasa nikupe mfano mwingine ambao kwa mwanao una maana zaidi. Nnena Kalu, mwanamke mwenye usonji na ulemavu wa kujifunza, maneno yake machache kama ya mwanao. Kazi zake za kuchora ni mizunguko, yaani mistari inazunguka inarudi inazunguka inarudi mpaka inakuwa kama kimbunga kwenye karatasi, na akimaliza moja anaanza nyingine pembeni inayofanana nayo, mara nyingi zinakuwa mbili au tatu. Akitoka hapo anachukua kamba, vitambaa, utepe wa kanda za video za zamani, anaviringisha anafunga anaviringisha mpaka linatokea dude kubwa la kuning'inia. Desemba 2025 amepewa Tuzo ya Turner, ile kubwa ya sanaa Uingereza. Mizunguko hiyo hiyo mama.

Ila kwangu mimi sehemu tamu ya habari yake sio tuzo. Ni kwamba amekuwa akifanya kazi kwenye studio ya ActionSpace huko London tangu 1999. Hesabu mwenyewe, miaka 26. Miaka yote hiyo kulikuwa na chumba, kulikuwa na mtu pembeni yake anayejua kamba ipi anaipenda na karatasi ibandikwe kimo gani, na hakuna aliyemwambia sasa duara zimetosha tuchore nyumba. Kwa hiyo ukiniuliza mradi wenu unahitaji nini cha kwanza nakujibu chumba, siku ile ile, saa ile ile, na mtu mwenye subira. Maonyesho yatakuja yenyewe au yasije, sio mwisho wa dunia.

Na msidhani mambo haya lazima yaanzishwe na wataalamu. Project Art Works ya Hastings, Uingereza, ilianzishwa 1997, mmoja wa waanzilishi ni Kate Adams, msanii, na ni mama wa kijana mwenye mahitaji makubwa ya msaada. Ilianza kama hitaji la nyumbani. Mwaka 2021 nao waliingia kwenye orodha ya mwisho ya Tuzo hiyo hiyo ya Turner, wakiwa kikundi kizima, wasanii na watu wanaowatunza.

Haya, tuje kwenye kazi yenyewe.

Familia zisizidi tano au sita mwanzoni. Najua grupu lenu lina watu wengi na kila mtu atataka aingie, lakini watoto kumi na wazazi wao na ndugu zao kwenye chumba kimoja ni kelele, na kelele kwa wengi wa watoto hawa sio usumbufu tu, ni maumivu. Watu husahau hili. Hata ule mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa 2013 uliweka rasmi kwenye dalili za usonji kwamba milango ya fahamu inapokea vitu kupita kiasi au chini ya kiasi, sauti, mwanga, harufu, mguso. Nenda kakae kwenye chumba mlichokipata dakika kumi peke yako, usifanye chochote, sikiliza tu. Taa inalia? Zile taa ndefu za mirija nyingine zinatoa kasauti ka zzzz ambako wewe ulishaacha kukasikia, mtoto anakasikia saa nzima. Feni inakwaruza? Viti vinapiga kelele vikivutwa? Mi hutembea na mipira ya tenisi iliyokatwa, navisha miguu ya viti, watu hunicheka lakini chumba kinatulia.

Muwe na kona ya kujificha. Meza na shuka juu yake inatosha kabisa, kuwe na giza kidogo mle ndani, na mkubaliane watu wazima wote kwamba anayeingia mle hafuatwi, haulizwi, habembelezwi, akitaka atatoka. Alafu wiki moja kabla ya siku ya kwanza pigeni picha za mlango, chumba, meza, na sura ya atakayewapokea, mtume kwa kila familia mtoto azione mara nyingi. Siku ya kwanza yenyewe msifanye sanaa. Najua inauma kusikia, mmejipanga mmenunua rangi, lakini siku ya kwanza acheni mtoto aingie, aguse kuta, akimbie, anuse gundi, aondoke. Wapo watakaoishia mlangoni na hiyo nayo ni siku nzuri.

Vifaa sasa. Usiweke vyote mezani, weka viwili au vitatu tu. Karatasi ibandikwe na tepu kwenye meza au sakafuni isitembee, kuna watoto wanaoacha kuchora kwa sababu tu karatasi inateleza na sisi tunaandika kwenye daftari "hakuonyesha ari". Asiyependa kulowa vidole mpe brashi ya mpini mrefu, au tia rangi ndani ya mfuko wa nailoni ufunge vizuri aiminye kwa nje. Anayetia vitu mdomoni hakikisha rangi zimeandikwa hazina sumu, na usimkaripie, mdomo nao ni njia yake ya kujua kitu ni nini. Na msing'ang'anie kuchora tu. Nilikuwa na kijana mmoja, kwa miezi brashi hakuitazama kabisa, yeye anakuja anakwenda moja kwa moja kwenye tepu ile ya karatasi, anaivuta kraaaa, anasikiliza, anaivuta tena kraaaa. Tulishahesabu kwamba anapoteza tepu. Siku moja mwenzangu akapata akili akaanza kuvipokea vile vipande anavibandika dirishani vinavyokuja, kijana akageuka, akatazama dirisha muda mrefu, akamkabidhi kipande kinachofuata mkononi. Baada ya hapo ikawa kazi yao ya wawili, yule anavuta huyu anabandika, baadae kijana akaanza kuonyesha kwa kidole kiende wapi. Sijui wewe ungeiita nini ile, mi naiita muziki na uchoraji kwa pamoja.

Hapo ndo kuna jibu la swali lako la "nimsaidie vipi". Usimsaidie, mfuate. Kaa pembeni yake, sio mbele, watoto wengi kutazamana uso kwa uso kunawachosha. Chukua karatasi yako, kalamu yako, zungusha duara. Akiongeza kasi ongeza, akisimama simama. Usimuulize "umechora nini", hilo swali ni mtihani. Usishike mkono wake kumwongoza, naomba sana hili, maana kazi itakayotoka itakuwa ya kwako imevaa jina lake. Dakika kumi hivyo kila siku nyumbani. Siku atakayonyanyua macho kutazama karatasi yako kwa sekunde mbili utanielewa.

Kuna msomi mmoja Muingereza, Damian Milton, mwenyewe ana usonji, mwaka 2012 aliandika hoja ambayo mi naiona ndo msingi wa kazi hii yote. Anasema tumezoea kusema mwenye usonji hawaelewi wengine, lakini ukweli ni kwamba kutoelewana ni kwa pande mbili, na sisi pia hatuwaelewi, tofauti ni kwamba wao ndo hupelekwa kliniki. Ukikaa pale unazungusha duara pamoja na mwanao unafanya kazi ya upande wako. Na ndo maana nawaambia wazazi, msikae kwenye benchi ukutani na simu. Mradi ni wa familia au ni wa kuacha watoto? Kama ni wa familia basi kila mtu avae aproni. Baba pia. Akina baba wengi hushusha watoto mlangoni wanakwenda kusubiri kwenye gari, msiwapigie kelele, wapeni kazi ya mikono, kukata mbao za fremu, kufunga kamba, wakishaingia kwa sababu ya nyundo hawatoki.

Kwa nini nasisitiza familia? Kwa sababu familia hizi zimeangaliwa vibaya muda mrefu. Leo watu wamesahau lakini miaka ya 50 na 60 wataalamu wakubwa walikuwa wanafundisha kwamba usonji unaletwa na mama asiye na upendo, mama baridi. Mpaka Bernard Rimland, mwanasaikolojia wa Marekani ambaye mwanae mwenyewe alikuwa na usonji, alipoandika mwaka 1964 kwamba hapana, hili jambo ni la mwili, ni la ubongo, sio malezi. Lakini masalia bado yapo, bado mama anaingia kwenye chumba changu cha sanaa anaomba radhi kabla mtoto hajafanya chochote. Samahani, atamwaga. Samahani, atapiga kelele. Kukiwa na sehemu moja kwa wiki ambapo kumwaga ndo shughuli yenyewe, huyo mama mabega yanashuka. Nimeyaona yakishuka, sio lugha ya picha.

Na wewe usimsahau binti wa miaka 12. Ndugu wa watoto hawa hugeuka wasaidizi bila kuombwa, "mshike ndugu yako", "mletee ndugu yako brashi". Kwenye mradi awe na meza yake na kazi yake ambayo ndugu yake haigusi, na mtu mzima mmoja wa kwake hata kwa nusu saa. Akitaka kufanya kazi na mdogo wake atakwenda mwenyewe. Kuna dada mmoja tulimpa kamera ya bei nafuu tukamwambia piga picha chochote, akarudi na picha thelathini za mikono tu ya mdogo wake, ile anavyoipunga akifurahi. Hakuna mtu mzima aliyewahi kufikiria kwamba ile mikono ni kitu cha kupiga picha, tulikuwa tunafikiria namna ya kuituliza.

Maonyesho. Hapa niongee kama mtu aliyewahi kuharibu. Miaka ya nyuma niliandaa ufunguzi, spika kubwa, mgeni rasmi, hotuba, wageni wanapiga makofi kwa kila mtoto anayetajwa. Kijana wa tatu kutajwa alishaingia chini ya meza kaziba masikio, na mama yake anamvuta mguu huku anatabasamu ili kamera isione. Ilikuwa ni kosa langu tangu mwanzo mpaka mwisho, nilikuwa nimeandaa sherehe ya wageni nikaiita ya watoto. Tangu hapo sina spika. Saa mbili za kwanza ni za familia peke yao kabla wageni hawajafika, taa zinapunguzwa, na makofi tunapiga ya viziwi, mikono juu inatikiswa bila sauti. Watu wazima huona aibu dakika moja alafu wanaipenda kuliko ya kawaida.

Mnaweza pia kuazima wazo la maigizo tulivu. New York kwenye majumba ya maigizo ya Broadway walianza mwaka 2011 kufanya maonyesho maalum kwa familia zenye usonji, sauti zinashushwa, taa kali zinapunguzwa, watu wanaruhusiwa kuinuka na kutoka na kurudi, na kuna sehemu ya kupumzika nje ya ukumbi. Hakuna hata kimoja hapo kinachohitaji pesa nyingi. Kuruhusu mtu ainuke ni bure.

Kuna kitu kimoja nitakuwa mkali. Idhini. Mtoto asiyeongea anasema hapana kila siku, anageuza mwili, anasukuma karatasi, anahama upande wa pili wa chumba. Mkiweka kazi yake ukutani akaja akaibandua, ameshajibu, msiirudishe. Picha za uso wake mtandaoni muulizane kwanza, na picha au video ya mtoto akiwa amezidiwa analia isipostiwe kamwe, hata kwa nia ya "kuelimisha jamii", kwa sababu atakuwa mtu mzima siku moja na ile video itakuwepo. Mkubaliane pia mapema kabisa kazi ikiuzwa pesa ni ya nani, kwa maandishi. Mi nasema ni ya aliyechora. Miradi kadhaa naijua imevunjika hapo tu, wala sio kwenye sanaa.

Maandishi ya ukutani yawe jina, mwaka, vifaa. Kalamu kwenye karatasi, tepu kwenye kioo. Ile "licha ya usonji wake" ifuteni, na "malaika wetu" pia. Hamna haja ya kueleza usonji wa mtoto pale, mgeni anayetaka kujua aanze kwa kutazama mchoro kama anavyotazama wa mtu mwingine yeyote.

Tarehe: nina uhakika kuna mtu kwenye grupu ameshasema tufanye tarehe 2 Aprili. Ni siku ya kuhamasisha kuhusu usonji duniani, Umoja wa Mataifa waliipitisha Desemba 2007, ikaanza kuadhimishwa 2008, na ni siku nzuri kwa kupata watu na vyombo vya habari. Lakini kwa watoto wengi Aprili ni mwezi wa kupigwa picha na kuvalishwa tisheti, wanachoka. Mkifanya mwezi mwingine wowote mtapata wageni wachache na utulivu mwingi. Mi ningechagua huo.

Na tafuteni mtu mzima mwenye usonji awe kwenye kamati, sio wa kuja kutoa ushuhuda siku ya mwisho, wa kukaa kwenye vikao tangu sasa. Atawaambia mambo ambayo wazazi na mimi hatuyaoni, kama ile taa.

Mtu akiwauliza sanaa hii inatibu nini, jibuni haitibu. Inaweza kumtuliza mtoto, inaweza kumpa njia ya kusema kitu, wengine inawapa marafiki, wengine haiwapi zaidi ya saa moja nzuri kwa wiki. Wafadhili hupenda kusikia zaidi ya hapo, msiwadanganye.

Kuhusu ukuta wa mwanao, anza leo kuzitunza zile karatasi. Zote, hata ambazo ulishaziona za kutupa, andika tarehe nyuma kwa penseli. Kisha mtafutie karatasi nzito, kuanzia gramu 200 kwa mita ya mraba kwenda juu, au bandika mbili pamoja, na kalamu nene ya nta badala ya ile ya wino inayochana. Atapata nafasi ya kuzunguka muda mrefu zaidi kabla haijatoboka, na nadhani ndo anachokitaka, ingawa inawezekana anachokitaka ni tundu lenyewe, yeye ndo anayejua. Ikitoboka igeuze, utakuta upande wa pili mistari imevimba imetokeza kama mishipa, pitisha kidole hapo, halafu mpe naye apitishe.